Upepo Tunao, Mitambo Hatuna: Jinsi Stima ya Upepo Inavyofika Mtongwe

Mkaazi wa Mtongwe hahitaji kufundishwa upepo. Kusi ikishika, kati ya Aprili na Septemba, wavuvi huvuta mashua juu na kungoja, na bati lisilopigiliwa vizuri hulia usiku kucha. Mwisho wa mwaka kaskazi huingia, bahari ikatulia na joto likapanda. Kwa hivyo ni swali la haki kabisa: upepo wote huu unapita bure, mbona hatuufanyi stima na bei ishuke?

Jibu la kwanza ni kwamba stima ya upepo tayari inawaka Mtongwe. Gridi ya taifa ni kama tangi kubwa la maji linalojazwa na mabomba mengi: moja ni la mvuke wa ardhini kutoka Olkaria, jingine la mabwawa ya Mto Tana, jingine la mafuta mazito ya hapa Kipevu na Rabai, jingine la upepo. Ukifungua mfereji nyumbani huwezi kujua tone lipi limetoka wapi. Hata hivyo, zaidi ya sehemu moja katika kumi ya umeme unaotumika Kenya sasa hutokana na upepo, na sehemu kubwa ya umeme huo hutoka Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, karibu kilomita 800 kutoka hapa ukipima kwa mstari ulionyooka.

Jibu la pili halifurahishi sana. Mitambo mikubwa ya upepo ni vigumu kuja Mtongwe, au popote ndani ya Kaunti ya Mombasa. Mambo mawili ya kawi ya upepo ndiyo yanayotufikia hapa: bei, ambayo tunaiona kila tunaponunua tokeni, na laini za kuusafirisha umeme huo, ambazo hupita juu ya mashamba na nyumba za watu. Kuhusu la pili, mwenye nyumba anafaa kujua haki zake kabla hajaletewa karatasi ya kutia sahihi.

Kwa nini si hapa

Upepo unaotosha kusukuma tanga hautoshi lazima kuzungusha mtambo kwa faida. Kanuni ni hii: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo haiongezeki mara mbili bali mara nane. Kule Loiyangalani wastani ni mita 11 hivi kwa sekunde. Mahali penye upepo wa nusu ya kasi hiyo, mtambo uleule, kwa gharama ileile ya kuununua na kuusimamisha, hupata sehemu moja tu ya nane ya nguvu ile. Isitoshe, kati ya kusi na kaskazi tuna majira ya maleleji, upepo unapogeukageuka na siku nyingine kukata kabisa. Mwekezaji aliyekopa mabilioni hawezi kungoja maleleji yapite.

Ajabu yenyewe ni kwamba upepo wa Turkana ni jamaa ya upepo wetu. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi huelekea bara ikabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Ikipita katika mlango huo huongeza kasi, kama maji ya mfereji unapoziba nusu ya mdomo wake kwa kidole. Huvuma kutoka upande uleule wa kusini-mashariki karibu mwaka mzima. Sisi tunaupata upepo ukiwa umetawanyika juu ya bahari. Wao wanaupata ukiwa umekazwa.

Halafu kuna suala la nafasi. Mtambo mmoja wa Turkana una mnara wa mita 44 na mapanga yanayochora duara la upana wa mita 52, kwa hivyo ncha ya panga hufika mita 70 kutoka ardhini. Iko mitambo 365 ya aina hiyo. Ardhi iliyotengewa mradi ni ekari 150,000, zaidi ya mara mbili ya nchi kavu yote ya Kaunti ya Mombasa. Tukumbuke pia kwamba uwanja wa ndege wa Moi uko ng'ambo tu ya maji, na kambi ya Jeshi la Wanamaji iko papa hapa Mtongwe. Vitu vya urefu huo haviwezi kusimamishwa ovyo katika ujirani wa namna hiyo.

Upepo mdogo una kazi yake, lakini ni kazi nyingine. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 kampuni ya Bobs Harries ya Thika imekuwa ikiunda vinu vya upepo viitwavyo Kijito, vinavyovuta maji kisimani bila kuhitaji waya hata mmoja. Kwa kuwasha taa na televisheni ya nyumba moja, hata hivyo, paneli ya jua juu ya bati la Likoni itakufaa kuliko panga lolote la upepo.

Ngong, Turkana, Kipeto

Kenya haikuanza jana. Mitambo miwili ya kwanza ya upepo ilisimamishwa katika milima ya Ngong mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Ilikuwa midogo, chini ya nusu megawati kwa jumla. Mwaka 2009 kampuni ya KenGen ilirudi palepale na mitambo sita yenye megawati 5.1, kisha ikaendelea kuongeza hadi 25.5.

Hatua kubwa ilikuwa Turkana. Mitambo yote 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimama kufikia mwaka 2017. Lakini haikuwa na pa kupeleka umeme. Laini ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ambayo serikali ndiyo iliyopaswa kuijenga, ilichelewa baada ya mkandarasi wa Uhispania kuishiwa fedha, na kazi ikamaliziwa na kampuni za China. Umeme ulianza kuingia gridi mwishoni mwa Septemba 2018, na Rais Uhuru Kenyatta akauzindua mradi rasmi tarehe 19 Julai 2019. Mkataba ulisema mwekezaji alipwe mitambo ikiwa tayari, laini iwepo isiwepo. Mapanga yalizunguka bure, na mlipa ushuru na mnunuzi wa stima wakabebeshwa mzigo wa mabilioni ya shilingi.

Mwaka 2021 mradi wa Kipeto, Kaunti ya Kajiado, ukaongeza megawati 100 kwa mitambo 60. Ukijumlisha na Ngong na Turkana, upepo wa Kenya unafika megawati 435 hivi.

Mbona basi tokeni haishuki?

Hapa ndipo wakaazi wengi wanapohisi wamedanganywa, na hawakosi sababu.

Kwa miaka mingi Mombasa ilikuwa mji wa mwisho wa laini. Umeme unaosafiri mbali hupoteza nguvu njiani, na aliye mwisho ndiye anayeona taa zikififia. Ndiyo sababu moja ya kujengwa mitambo ya mafuta mazito huku kwetu: Kipevu, ambayo mtu wa Mtongwe anaitazama moja kwa moja akisimama ufuoni, na Rabai yenye megawati 90. Laini kubwa ya Nairobi hadi Mombasa iliyokamilika mwaka 2017, takriban kilomita 480, ilipunguza tatizo hilo lakini haikuliondoa. Jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, feni na jiko, mitambo ya mafuta bado huitwa kazini.

Umeme wa mafuta ni ghali. Gharama hiyo huingia katika ankara kama tozo la mafuta, kiasi kwa kila yuniti, ambacho mamlaka ya EPRA hukitangaza kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Upepo haununuliwi kwa pipa. Kila saa upepo wa Turkana unapovuma na laini zikaubeba hadi kwa mtumiaji, mafuta mengi zaidi hubaki tangini, na tozo hilo hupungua. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli kwa mtu wa Mtongwe.

Tatizo ni kwamba tozo la mafuta ni sehemu moja tu ya unacholipa. Mkataba wa Turkana unalipwa kwa yuro, na mikataba mingine mingi kwa dola. Shilingi ikidhoofika, kama ilivyodhoofika vibaya mwaka 2023 hadi dola moja ikafika takriban shilingi 160 mapema mwaka 2024, tozo la fedha za kigeni hupanda na kumeza nafuu iliyoletwa na upepo. Juu yake kuna bei ya msingi, iliyopandishwa Aprili 2023, ushuru wa VAT wa asilimia 16, na tozo la kusambaza umeme vijijini. Upepo wa Turkana pia una tabia ya kuvuma kwa nguvu zaidi usiku, watu wakiwa wamelala. Wakati mwingine mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani kwa sababu tangi limejaa.

Ujumbe wa tokeni kwenye simu huonyesha mafungu mawili tu, pesa za umeme na tozo nyingine. Anayetaka kuona mchanganuo wa mita yake anaweza kutumia *977# ya Kenya Power. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: tangu Aprili 2023, nyumba inayotumia yuniti 30 au chini kwa mwezi huwekwa katika bei ya chini kabisa. Wapangaji watano wanaogawana mita moja huhesabiwa kama mteja mmoja, kwa hivyo hupita kiwango hicho kwa siku chache na kulipa bei ya juu. Kwa nyumba nyingi za kupanga Likoni, kutenganisha mita kutashusha gharama haraka kuliko mradi wowote wa upepo.

Bei ya umeme haipangwi na kaunti. Kaunti nayo ni mteja, na taa za barabarani na zile za mulika mwizi zina mita kama yako.

Ardhi ndiyo iliyoangusha miradi

Miradi ya upepo iliyokwama Kenya haikukwama kwa kukosa upepo. Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, palipangwa mradi wa megawati 60. Wakulima walisema hawakuelezwa vya kutosha, wakahofia mashamba na afya zao. Kukawa na maandamano, na mwaka 2016 mwekezaji akauacha mradi. Hapa Pwani, mradi wa megawati 90 uliopangwa Baharini karibu na Mpeketoni, Kaunti ya Lamu, ulizama kwa miaka katika mizozo ya ardhi na fidia.

Hata Turkana, mradi uliofaulu, kesi iliufuata. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za zile ekari 150,000 hazikutolewa kwa kufuata sheria ya ardhi ya jamii, ikatoa muda wa mwaka mmoja utaratibu ufuatwe upya. Mvutano wa kisheria uliendelea baada ya hapo. Wafugaji waliofungua kesi hiyo mwaka 2014 walikuwa wamengoja miaka saba kusikia neno hilo.

Kipeto walikwenda kwa njia tofauti. Wenye mashamba walibaki na hatimiliki zao na kukodisha ardhi, wakapata sehemu ya mapato ya umeme, na asilimia 5 ya umiliki wa mradi ikawekwa katika mfuko wa jamii. Ng'ombe bado wanalisha chini ya mitambo. Mwandishi wa makala haya anaona huo ndio mfano wa kuulizia popote mwekezaji atakapokuja na ramani.

Laini ikija

Mtongwe haitapata mitambo, lakini ukanda maalum wa kiuchumi wa Dongo Kundu uko mlangoni, na viwanda haviendeshwi kwa maneno. Laini kubwa ya kuleta umeme kutoka Mariakani hadi Dongo Kundu imo katika mipango ya taifa. Kadiri umeme wa upepo na wa mvuke unavyotegemewa badala ya mafuta ya Kipevu, ndivyo laini kama hizo zitakavyohitajika zaidi, kwa sababu umeme huo unatoka mbali.

Laini ya kilovolti 132 huhitaji ukanda wa mita 30. Ya 220 huhitaji mita 40, na ya 400 mita 60. Vipimo hivyo huanzia katikati ya laini, kwa hivyo ukanda wa mita 40 ni mita 20 kila upande. Shamba likipitiwa, hatimiliki hubaki kwa mwenyewe. Anaweza kulima mihogo, mahindi au kunde chini ya waya. Hawezi kujenga, wala kuacha miti mirefu. Mnazi hauwezi kubaki hapo, na mwembe uliokomaa pia. Kwa sababu ardhi hainunuliwi, fidia yake ni sehemu tu ya thamani yake, wakati nyumba, miti na mimea huhesabiwa kivyake.

Kwa Mombasa hesabu hiyo ina mtego. Huku kwetu mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyokalia, na mnazi unaweza kuwa wa aliyeupanda huku kiwanja kikiwa cha mwingine. Fomu yenye nafasi ya jina moja tu itamwacha mmoja nje. Mwenye nyumba na mwenye ardhi wahesabiwe kila mmoja kwa mali yake, na majina yote mawili yaandikwe siku ya kupima, si baadaye. Waliohamishwa kupisha Dongo Kundu wanajua jinsi orodha ya siku ya kwanza inavyokuwa ndiyo orodha ya mwisho.

Asiye na hatimiliki asidhani hana lake. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu watu wanaokaa kwa nia njema katika ardhi inayotwaliwa na serikali walipwe fidia hata kama hawana hati. Hakisemi watalipwa bila kuthibitisha, na hapo ndipo ushahidi unapohitajika.

Ushirikishaji wa umma nao si sherehe ya soda na mahamri. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mazingira ya kiwanda cha makaa ya mawe kule Lamu, mradi wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mkutano usiofanyika vizuri unaweza kuangusha mradi wa mabilioni. Mkutano ambao watu hawakuhudhuria, kwa upande mwingine, huandikwa kwamba ulifanyika na hakuna aliyepinga.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Ndani ya mpango huo ndimo mtaa unapoweza kusema wapi transfoma imezidiwa, wapi taa za barabarani hazijafika, na njia ipi ya laini itapita kwenye makaburi, msikiti, kanisa au shule. Matangazo ya mikutano hubandikwa katika ofisi za wadi na za chifu. Wazee wa mitaa wanaombwa wayasome kwa sauti katika mabaraza, maana si kila mtu hupita ofisini.

Mtu akija kupima, muulize ametumwa na nani na akuonyeshe kitambulisho cha kazi. Uliza laini ni ya kilovolti ngapi, maana hapo ndipo utakapojua upana. Piga picha nyumba yako pande zote, ukiwa na gazeti la siku hiyo mkononi. Hesabu minazi, miembe na mikorosho mbele ya jirani na mzee wa mtaa, mwandike na kutia sahihi wote. Hifadhi risiti za kodi ya ardhi unayomlipa mwenye kiwanja, hata zile za miaka ya nyuma zilizoandikwa kwa mkono. Usitie sahihi fomu yenye nafasi tupu, na usiondoke bila nakala yako. Ukielezwa kwa lugha usiyoielewa, una haki ya kuomba uelezwe kwa Kiswahili, na fomu ingoje.